Nilidanganya Kuhusu Mshtarii: Historia ya Picha za Sayari Zilizopigwa Uani

Wacha nianze kwa kuungama. Mwaka jana niliposti picha ya Mshtarii, ile sayari wengi wenu mnaiita Jupita. Nilikuwa nimeipiga kutoka juu ya ploti yetu, pale kati ya kamba za nguo na matangi ya maji, kwa darubini ya mtumba ya inchi 6 na kamera ndogo iliyounganishwa na laptopu. Ilipata laiki nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kuposti. Watu wakaandika "noma sana", wengine wakaniita mwanasayansi. Nikavimba kichwa siku tatu.

Siku ya nne kasini wangu akaja likizo. Yuko Form Two, na ana ile tabia ya kuuliza swali moja halafu ananyamaza. Usiku nikampandisha juu, nikamtegea darubini, akachungulia. Akatoa jicho, akaangalia picha kwenye simu yangu, akarudisha jicho. Kisha akasema: "Bro, mbona huku mistari ni miwili na kwa picha yako ni mitano?"

Sikumjibu, na si kwamba nilikosa jibu. Video yangu ya asili ilikuwa na mistari miwili na ukungu mwingi. Nilikuwa nimeipitisha kwenye apu ya akili unde ya kunoa picha, na apu ikaniongezea mistari mingine mitatu, vimbunga vidogo vidogo, na lile doa kubwa jekundu ambalo usiku ule halikuwa hata upande wetu wa sayari. Apu ilishaona picha nyingi za Mshtarii, kwa hivyo ilichora Mshtarii inayoijua yenyewe. Haikuwa ile niliyopiga mimi.

Picha niliifuta. Swali la kasini halikufutika. Na nilipoanza kusoma historia ya hii hobi yetu, niligundua kwamba swali lenyewe ni la zamani kuliko kamera. Kwa zaidi ya miaka 400 watu wametazama sayari na kubishana juu ya jambo lilelile: hicho unachosema umekiona, kweli kiko? Leo nataka niwape hiyo hadithi. Mwishoni nitawaambia kwa nini naamini inatuhusu sisi wa ploti, hata kama majina mengi ndani yake ni ya watu wa mbali.

Enzi ya penseli

Januari 1610, mjini Padua, Italia, Galileo alielekeza darubini yake kwa Mshtarii akaona vidoti vidogo vimejipanga kando yake. Usiku baada ya usiku alivichora. Vilikuwa vinahama. Mwishowe akaelewa kwamba ni miezi minne inayoizunguka Mshtarii. Ushahidi wake wote ulikuwa karatasi yenye duara na vinyota.

Mwaka huohuo alitazama Zohali, yaani Saturn. Akaona vitu vitatu vimeshikana: kimoja kikubwa katikati na viwili vidogo kwa pembeni, kama sayari yenye masikio. Mwaka 1612 alipoangalia tena, masikio hayakuwepo. Hebu fikiria huo mkanganyiko. Galileo hakuwa mzembe, shida ni kwamba darubini yake ilikuwa dhaifu na hakuna mtu duniani aliyekuwa amewahi kuona pete kuzunguka sayari. Ilibidi kungoja hadi 1659, Christiaan Huygens wa Uholanzi alipochapisha maelezo kwamba ni pete nyembamba, bapa, isiyogusana na sayari, na kwamba tukiitazama kwa upande wa makali yake inapotea machoni.

Karibu miaka 50 kuelewa kitu ambacho leo mtoto wa PP2 anakichora kwa kreyoni. Hiyo ndiyo shida ya penseli. Kila kilichoonekana kilipitia jicho, kikapitia ubongo, kikapitia mkono. Kikipotoshwa njiani, huwezi kurudi nyuma kukagua.

Kulikuwa na shida ya pili, na hii bado tunayo mpaka leo: hewa. Ukitazama ng'ambo ya jiko la makaa lililowaka, ukuta wa upande ule unacheza kama umewekwa ndani ya maji. Hewa ya moto na hewa baridi zinapinda mwanga kwa viwango tofauti. Sasa juu ya kichwa chako kuna kilomita nyingi za hewa ya namna hiyo, inayopanda na kushuka usiku kucha. Newton aliliandikia jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1704 kuhusu mwanga. Alisema hakuna darubini itakayoondoa huo mtetemo, na dawa yake ni kutafuta hewa tulivu, labda juu ya vilele vya milima mirefu. Hakukosea. Ndiyo maana vituo vikubwa vya darubini leo viko juu ya milima ya Hawaii na Chile.

Kamera inafika, lakini haisaidii

Ungedhani upigaji picha ulipotangazwa rasmi mwaka 1839 ungemaliza ubishi. Mwaka uliofuata John William Draper, kule New York, tayari alikuwa amepata picha nzuri ya Mwezi. Sayari nazo zilikataa.

Sababu ni hesabu tu. Mshtarii inaonekana ndogo sana angani: ungeweza kupanga kama 40 kando kwa kando kutoka ukingo mmoja wa Mwezi hadi mwingine. Ukitaka kuikuza, mwanga wake unatawanyika na kufifia, kwa hivyo lazima uache kamera wazi kwa sekunde kadhaa. Ndani ya hizo sekunde hewa imeshatikisika mara nyingi. Unachopata ni wastani wa mtikisiko wote, yaani uji.

Jicho la binadamu lilikuwa na ujanja ambao kamera haikuwa nao. Ukikaa kwenye darubini kwa subira, kuna nukta ambapo hewa inatulia ghafla, labda kwa sehemu ndogo ya sekunde, na sayari inakuwa wazi kama imeoshwa. Halafu inapotea. Jicho linaidaka ile nukta. Kwa hivyo kwa zaidi ya miaka 100 baada ya kamera kuvumbuliwa, mchoro wa mtu mwenye uzoefu ulikuwa na undani zaidi kuliko picha. Hapo ndipo mambo yalipoharibika vibaya sana.

Mifereji ya Mirihi

Mwaka 1877 Mirihi, yaani Mars, ilikaribia Dunia. Mjini Milan, Giovanni Schiaparelli aliichora akiweka mistari myembamba aliyoiita "canali". Kwa Kiitaliano neno hilo linaweza kuwa mkondo wowote wa asili. Lilipoingia Kiingereza likageuka kuwa mifereji, kile kitu ambacho mtu huchimba. Na kama kuna mifereji, lazima kuna waliochimba, sivyo?

Percival Lowell, tajiri wa kutoka Boston, alilipenda wazo hilo kupita kiasi. Mwaka 1894 alijenga kituo chake mwenyewe cha darubini huko Flagstaff, Arizona, akaanza kuichora Mirihi. Mistari ikazidi, ikanyooka kama imepigwa rula. Akaandika vitabu vilivyosomwa sana vikisema Mirihi ni sayari inayokauka, na wakaaji wake wamechimba mifereji kuleta maji kutoka kwenye barafu ya ncha zake. Magazeti yalifurahi. Nani hangefurahi?

Wenye shaka walikuwepo, na ninaowapenda zaidi ni wa umri wenu. Mwaka 1903 mwanafalaki wa Greenwich, Edward Walter Maunder, alishirikiana na J. E. Evans kufanya jaribio na wavulana wa shule iliyokuwa jirani. Waliwawekea mbele ya darasa mchoro wa duara wenye madoa na alama ovyo ovyo, bila mfereji hata mmoja. Wakawaambia wachore wanachoona. Wa mbele walichora madoa. Wa nyuma kabisa hawakuona mengi. Lakini waliokaa katikati, pale ambapo macho yanaona kidogo na kukosa kidogo, wengi walichora mistari iliyonyooka.

Hakuna aliyewadanganya. Ubongo haupendi nafasi tupu. Ukipewa vidoti visivyo wazi unaviunganisha, halafu unakuambia umeona mstari. Manze, niliposoma hapo nililazimika kuweka simu chini. Ile apu yangu haikuanza jana. Apu ya kwanza ya kunoa picha tunazaliwa nayo kichwani.

Lowell alidhani kamera ingemtetea. Mwaka 1905 msaidizi wake Carl Lampland alifanikiwa kupiga Mirihi picha, kazi kubwa sana kwa wakati ule. Lakini kwenye picha hizo sayari ilikuwa ndogo kuliko ukucha wa kidole, yenye chembechembe. Walioamini mifereji waliiona. Wasioamini hawakuiona. Picha ileile moja! Kwa hivyo kamera peke yake haileti ukweli. Picha ikiwa hafifu kiasi kwamba kila mtu anaijazia anachotaka, haitofautiani na mchoro.

Mwaka 1909 Eugène Antoniadi aliitazama Mirihi kwa darubini kubwa ya Meudon, karibu na Paris, yenye lenzi ya sentimita 83. Usiku mmoja wa Septemba hewa ilitulia ajabu, na mifereji ikavunjika mbele ya macho yake kuwa madoa na vivuli visivyo na mpango. Wanasayansi wengi wakashawishika. Mashabiki wa mifereji waliendelea hata hivyo, hadi Julai 1965 chombo cha Marekani, Mariner 4, kilipopita karibu na Mirihi na kutuma picha kama 20. Zilionyesha mashimo ya vimondo na ardhi kavu. Mfereji hata mmoja haukuwepo.

Lowell alikuwa amefariki tangu 1916. Hakuwa tapeli, naomba mlielewe hilo. Alikuwa na pesa, akili, hewa nzuri na darubini nzuri. Alichokosa ni kasini wa Form Two wa kumuuliza swali, na masikio ya kumsikiza.

Kutoka kwa mchekeshaji hadi kwa birika la kahawa

Wakati huo wote kulikuwa na watu waliofanya falaki kwa ridhaa, yaani bila mshahara, kwa kupenda tu. Mmoja wao alikuwa Will Hay, mchekeshaji maarufu wa sinema za Uingereza. Tarehe 3 Agosti 1933, akiwa nyumbani kwake Norbury, London, kwa darubini ya inchi 6 aliona doa kubwa jeupe kwenye Zohali. Ilikuwa dhoruba. Alitoa taarifa haraka na wataalamu wakathibitisha. Inchi 6, wasee. Sawa na yangu.

Lakini Hay alitumia jicho. Picha nzuri kutoka uani zilichelewa kwa miongo mingine mingi, na kilichozileta hakikutengenezwa kwa ajili ya anga hata kidogo.

Mwaka 1969, katika maabara za Bell nchini Marekani, Willard Boyle na George Smith walibuni kifaa cha silikoni kinachogeuza mwanga kuwa chaji za umeme, kinachoitwa CCD. Kiliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Mwanzoni kamera za CCD zilikuwa za maabara na vituo vikubwa. Halafu mwaka 1991, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, watafiti wa kompyuta walichoka kutembea hadi kwenye chumba cha kahawa na kukuta birika tupu. Wakalielekezea kamera ili waone kwenye kompyuta kama kuna kahawa. Huyo ndiye babu wa kamera zote za mtandaoni. Uvivu umejenga vitu vingi duniani.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, kamera ndogo za kupigia gumzo la video, kama ToUcam ya Philips, zilikuwa bei ya kawaida madukani. Wapenzi wa anga walizing'oa lenzi, wakazifunga nyuma ya darubini kwa mfereji wa plastiki na selotepu, wakarekodi video. Si picha, video. Hiyo ndiyo siri yote.

Chama cha fremu

Kumbuka ile nukta ambapo hewa inatulia. Mwaka 1978 mwanafizikia David Fried alipiga hesabu ya uwezekano wa kupata picha yenye bahati kupitia hewa inayotikisika: ukipiga picha nyingi fupi fupi, chache kati yake zitaangukia kwenye utulivu. Kwa filamu hiyo ingekuwa gharama ya kufilisisha mtu. Kwa video ni rahisi.

Fikiria mpiga picha wa harusi na picha ya ukoo mzima. Akipiga moja, lazima shangazi mmoja awe amefunga macho. Akipiga 50 anachagua. Sasa mimi nikirekodi Mshtarii kwa dakika 2, fremu 60 kila sekunde, napata fremu 7,200. Kompyuta inazipanga kuanzia iliyo wazi zaidi hadi ile mbovu kabisa. Nachukua bora asilimia 20, ambazo ni 1,440, na kutupa zilizobaki.

Halafu zinalundikwa moja juu ya nyingine, na hapa ni kama chama. Kila fremu inachanga kidogo. Chembechembe za kelele zinaangukia mahali tofauti kila mara, kwa hivyo zikijumlishwa zinafutana. Mstari wa kweli uko palepale kwenye kila fremu, kwa hivyo unapata nguvu. Kisichochangwa na fremu hakiingii kwenye mfuko.

Mwaka 2002 Cor Berrevoets wa Uholanzi alitoa RegiStax, programu ya kufanya kazi hiyo, bure kwa kila mtu. Baadaye Mholanzi mwingine, Emil Kraaikamp, akatoa AutoStakkert, nayo bure. Mshtarii inajizungusha kwa chini ya saa 10, kwa hivyo ukirekodi kwa dakika nyingi alama zake zinahama na kufifia. Mjerumani Grischa Hahn ana programu yake, WinJUPOS, inayorekebisha huo mzunguko. Hiyo pia hulipii.

Nisiwadanganye mara ya pili: hata njia hii inaweza kuongopa. Baada ya kulundika unanoa, na ukinoa kupita kiasi unapata duara bandia kwenye ukingo wa Mirihi na miviringo isiyokuwepo. Tofauti ni kwamba makosa haya yanakaguliwa. Video ya asili iko. Nikikupa, utairudia kazi yangu mwanzo hadi mwisho na uone nilipozidisha chumvi. Lowell hangeweza kumpa mtu jicho lake.

Wakati uani ulipowatangulia wakubwa

Matokeo yalikuja haraka. Februari 2006, Christopher Go, akiwa Cebu, Ufilipino, aliona kwamba dhoruba moja nyeupe ya Mshtarii, inayoitwa Oval BA, imegeuka kuwa nyekundu. Wataalamu walishtuka. Miezi michache baadaye darubini ya anga ya Hubble ilielekezwa huko.

Tarehe 19 Julai 2009, mtengeneza programu za kompyuta Anthony Wesley alikuwa uani kwake Murrumbateman, Australia, na darubini ya inchi 14.5. Usiku ulikuwa umechelewa na hewa si nzuri. Karibu afunge kazi. Akapumzika ndani akitazama michezo kwenye TV, akarudi, na kwenye skrini karibu na ncha ya kusini ya Mshtarii kulikuwa na doa jeusi. Alidhani ni kivuli cha mwezi mmojawapo. Lakini mahali, ukubwa na mwendo havikulingana. Akatuma barua pepe kwa watu anaowajua. Wanasayansi wa NASA waliokuwa na zamu kwenye darubini ya Mauna Kea, Hawaii, wakathibitisha: kitu kikubwa kilikuwa kimeigonga Mshtarii. Siku nne baadaye Hubble ikapiga picha ya kovu lenyewe. Ilikuwa miaka 15 kamili tangu vipande vya nyotamkia Shoemaker-Levy 9 vigonge sayari hiyohiyo Julai 1994. Tofauti ni kwamba 1994 dunia nzima ilikuwa imeambiwa mapema iangalie. 2009 aliyekuwa anaangalia ni mtu mmoja uani.

Tarehe 3 Juni 2010 Wesley aliona tena, safari hii mweko wa kama sekunde 2. Mtu mmoja akisema ameona mweko wa sekunde 2, utamwamini? Christopher Go alifungua video zake za usiku uleule kule Ufilipino, akaupata mweko palepale, wakati uleule. Kamera mbili, nchi mbili, ushahidi mmoja. Mifereji ya Mirihi haikuwahi kupata kitu kama hicho.

Na kabla hujasema haya ni mambo ya wenzetu wa mbali, tarehe 31 Mei 2020 Clyde Foster, akiwa nyumbani kwake Centurion, Afrika Kusini, alikuwa anapiga Mshtarii kwa kichujio kinachodaka mawingu yaliyopanda juu sana. Akaona doa jipya linalong'aa, ambalo halikuwa kwenye picha zilizopigwa Australia saa chache mbele yake. Siku mbili baadaye chombo cha NASA, Juno, kikapita juu ya eneo hilo na kulipiga picha kwa karibu. Leo linajulikana kama Doa la Clyde. Juno ilikuwa kulekule kwa Mshtarii tangu 2016, lakini aliyelitangulia doa ni mtu wa Gauteng na darubini yake.

Mbona wakubwa wasione wenyewe? Kwa sababu darubini kubwa zina foleni. Wanasayansi wanaomba muda miezi kabla, wanapewa usiku chache. Hakuna anayeweza kuikodolea Mshtarii kila siku ya mwaka. Watu wa uani wanaweza.

Sasa turudi kwa ploti

Sisi tuna kitu ambacho Will Hay hangeweza kununua. Sayari zote zinapita karibu na njia ileile ya Jua, kwa hivyo kutoka Nairobi, karibu na ikweta, zikifika kilele zinakuwa zaidi ya digrii 60 juu ya upeo. Mwaka 2020 Mshtarii ikiwa London ilipanda kama digrii 16 tu, ikitazamwa kupitia hewa nene ya chini. Damian Peach, Mwingereza ambaye picha zake za sayari ni kati ya bora kabisa za uani, amesafiri hadi Barbados mara kadhaa kutafuta sayari za juu na hewa tulivu. Sisi tunapanda ngazi tu.

Na taa za mji? Kwa galaksi ni shida kubwa. Kwa Mshtarii hazina neno, inang'aa vya kutosha hata katikati ya taa za barabarani. Adui zetu ni mawingu ya Julai na mabati. Mabati na lami hushika joto la mchana na kulitoa usiku, na ukielekeza darubini juu ya paa la jirani saa mbili usiku, umerudi kwa lile jiko. Subiri hadi saa tano au sita usiku, paa zikipoa, halafu itoe darubini nje mapema ili kioo chake kipoe pia.

Kama hujawahi kuchungulia kabisa, Susan Murabana na mumewe Chu Owen wamekuwa wakizunguka na darubini yao mashuleni na vijijini hapa Kenya kwa miaka mingi, kupitia Travelling Telescope. Watoto wengi wameona pete za Zohali kwa macho yao kwa sababu yao.

Lakini maoni yangu, ambayo ndiyo yamenifanya niandike haya yote, ni haya. Watu wananiambia akili unde ndiyo njia ya masikini: una darubini ndogo, acha apu ikufikishe walipo wenye darubini kubwa. Hata mimi nilifikiri hivyo. Sasa fikiria Wesley usiku ule wa 2009 angekuwa na apu yangu. Anaipa video yenye doa jeusi mahali ambapo Mshtarii haijawahi kuwa na doa. Apu inajua Mshtarii inavyofaa kuonekana. Ingefanya nini na lile doa? Ingelisafisha, ikampa picha safi, yenye mistari mitano, yenye kila kitu isipokuwa habari yenyewe.

Apu inajua Mshtarii ya jana. Ya leo inajulikana na yule aliyeitazama leo. Hiyo ndiyo nguvu pekee tuliyo nayo sisi wenye vifaa vidogo, kwamba tulikuwepo na tuliangalia. Tukiibadilisha na mistari mizuri, tumebaki na nini?

Kwa hivyo nimejiwekea sheria tatu. Video ya asili siifuti. Kila picha naiandikia tarehe, saa, mahali na kifaa. Na kabla sijaposti, namwonyesha mtu mmoja kupitia darubini na kumuuliza anaona nini, bila kumwambia kwanza ninachotaka aone.

Wiki iliyopita niliposti Mshtarii mpya. Mistari miwili, ukungu kidogo, na vidoti vinne pembeni, vilevile alivyovichora Galileo. Ilipata laiki 31. Kasini aliandika chini yake: "Sasa hii ni miwili."